Ni Mikono Yangu au ni Gari la Okko?

Wiki jana niliwaacha kwenye barabara kuu ya kwenda Emden, mwendo wa kilomita mia na kumi, usukani ukitetemeka mikononi mwangu kama kuku aliyeona kisu, na mwalimu wangu Okko akiniambia kwa upole, "Dada Theda, ukitetemeka hivi mbele ya mtahini, umekwisha."

Kwa aliyechelewa kujiunga na aibu zangu: mimi ni Theda Harms, mwanamke mwenye miaka arobaini na ushee ambaye hakuwahi kuendesha gari kwa sababu alikuwa na mume wa kumwendesha. Mume huyo, Enno, fundi wa magari, aliondoka mwaka juzi akaenda kwa Hilke wa duka la maua. Katika talaka yeye alichukua gari. Mimi nikabaki na shangazi yake.

Shangazi Fenna huuza samaki wa moshi kwenye gari linalozunguka vijijini. Miaka yote hii yeye anaendesha, mimi nakata mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, na kufungia wateja mikate ya samaki. Sasa magoti yamemgomea.

"Ukipata leseni, gari ni lako, na wateja wake, na harufu yake," aliniambia. "Usipopata, nampa Enno. Hilke ataendesha."

Nimeshafeli mara mbili. Mara ya kwanza nilisimamisha gari katikati ya njia kupisha watu wanaocheza mchezo wa kurusha tufe barabarani, jambo ambalo ni sahihi, kisha nikashusha kioo kuuliza nani anaongoza, jambo ambalo si sahihi. Mara ya pili nililipita trekta mahali pa mstari mzima usiovukwa. Mwenye trekta ndiye aliyenipungia mkono nipite, lakini mtahini hakutaka kumsikiliza mwenye trekta.

Na huku kwetu mtihani wa maandishi ukitimiza mwaka bila kufaulu ule wa barabarani, unakufa. Wangu unafariki Ijumaa hii. Mtihani wa barabarani ni Alhamisi. Basi gari la samaki, maisha yangu na uso wangu mbele ya Hilke, vyote vimening'inia kwenye Alhamisi hiyo moja.

Sasa turudi barabarani. Ni Jumanne.

"Sitetemeki mimi," nilimwambia Okko. "Linatetemeka gari."

"Kila mwanafunzi husema hivyo."

"Wangapi wamesema?"

Okko akafikiri. Ni mtu mwema, mashavu yamejaa, na kila saa anatafuna zile peremende laini zenye umbo la dubu. "Wiki hii? Watatu."

"Na wewe hukujiuliza?"

"Mmoja alilia. Mwingine alisema ni upepo. Wa tatu anakunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu, nikamwambia aache."

"Na wewe mwenyewe umeliendesha lini kwa kasi hii?"

"Mimi? Naliendesha kila siku!"

"Wapi?"

"Nyumbani hadi ofisini."

Nyumbani kwa Okko hadi ofisini ni mtaa mmoja na kiplefti kimoja. Hilo ndilo balaa la gari la shule ya udereva: mwenye gari hashiki usukani, na anayeshika usukani haaminiki.

"Basi tazama," nikasema, nikainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi.

Usukani ukaendelea na ngoma yake peke yake. Kushoto kulia, kushoto kulia, trrrrr, wala haukunihitaji.

Okko akanitamkia neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Akaudaka usukani kwa mkono mmoja, akakanyaga breki yake ya upande wa mwalimu, na lori nyuma yetu likapiga honi mpaka dubu zikamwagika mapajani mwake. Tukaingia kwenye maegesho ya kwanza tuliyoyaona. 

"Ulitaka kutuua," akasema.

"Nilitaka kukuonyesha."

Okko akautazama usukani.

"Usukani ulitetemeka."

"Asante."

"Peke yake."

"Asante tena. Haya, gari hili limefanyiwa nini karibuni?"

Mashavu ya Okko yakageuka rangi. "Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linanguruma. Beringi ilikuwa imekufa. Nikabadilishiwa, pamoja na kitovu chake, kile kinachoshika gurudumu, maana huja kama kitu kimoja. Sasa halingurumi kabisa."

"Nani alikubadilishia?"

Akaokota dubu moja pajani, akaitia mdomoni, akaitafuna kwa muda mrefu kuliko inavyostahili dubu.

"Enno."

"Enno yupi?"

"Enno wako."

"Mimi sina Enno," nikasema. "Washa gari. Twende kwake."

* * *

Hebu fikirieni. Mimi nikifeli, gari la samaki linakwenda nyumbani kwa Enno. Na Enno huyohuyo ndiye aliyeingiza mikono kwenye gurudumu lililoanza kucheza siku chache kabla ya mtihani wangu. Nilifika gereji nikiwa nimeshamhukumu, nimeshamfunga, na ufunguo nimeshautupa mtoni.

"Umekuja kununua gari?" Enno akauliza akifuta mikono kwenye ovaroli.

"Nimekuja kujua umelifanyia nini hili."

Akalinyanyua kwenye lifti. Akalishika gurudumu la kushoto juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. Akalizungusha, likazunguka kimya kabisa.

"Beringi yangu ni safi," akasema. "Tatizo limekaa kwenye kiti cha dereva. Nimeishi nalo miaka kumi na tisa, nalijua."

"Enno, nimeona kwa macho yangu," Okko akasema. "Alikuwa ameinua mikono."

"Ameinua nini?"

"Usiulize."

Enno akapandisha mabega. Akayatoa magurudumu, akayapima balansi kwenye mashine, yakawa sawa. Akaya­hamisha ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. "Kama ugonjwa uko kwenye magurudumu," akasema, "utahamia nyuma pamoja nayo. Utautambua kwa makalio, Theda, wala si kwa mikono."

Tukatoka naye sote watatu, yeye akiendesha. Mimi nilikaa nyuma, makalio yakiwa kazini. Hayakusikia kitu. Lakini kwenye kioo niliona ovaroli ya Enno ikitikisika mikononi, na masikio yake yakiiva.

"Ugonjwa bado uko mbele," akasema kwa meno.

"Rudia, sikusikia vizuri."

"Nimesema bado uko mbele!"

Basi si magurudumu. Tukarudi gereji. Akaitazama diski ya breki, akaifungia saa yake ya kupimia kama imepinda, akaizungusha polepole. Mshale haukutikisika. Diski imenyooka. Beringi nzima, balansi sawa, diski sawa, na gari linatetemeka. Enno akavua kofia, akaivaa, akaivua.

"Niachieni hadi Jumatatu."

"Mtihani wangu ni keshokutwa."

"Basi utaufanya mwezi ujao."

"Mwezi ujao mtihani wangu wa maandishi utakuwa kaburini, na wewe unajua! Umekusudia, Enno. Unalitaka gari la samaki."

Aliniangalia kama mtu niliyempiga kofi. Nikaona kwamba imemuuma kweli, nikafurahi kidogo, kisha sikufurahi.

"Theda," akasema, "mimi nilikuacha. Sijakuhujumu. Hayo ni makosa mawili tofauti, na hilo la pili sijalifanya."

Okko akajifanya anasoma tangazo la betri ukutani.

Hapo ndipo Hilke alipoingia na sinia ya chai.

Kwetu hata adui hanyimwi chai. Hilke akanimiminia kikombe, sukari ya mawe ikapasuka chini kwa ule mlio wake mzuri, akaacha malai ya maziwa izame bila kukoroga, kama inavyotakiwa. Nilitamani awe amekosea. Hakukosea. Ndipo akasimama mbele ya gari lililoning'inia bila magurudumu, kichwa kikiwa upande, kama anavyolitazama shada kabla ya kulifunga utepe.

"Mbona kushoto hakufanani na kulia?" akauliza.

"Hilke, tuko kazini," Enno akasema.

"Najua. Lakini huku kulia, hapa katikati, kuna kitu kama kola. Na nyuma pia kipo, pande zote mbili. Huku kushoto mbele hakuna."

Sote watatu tukainuka.

Mniwie radhi, hapa inabidi niwafundishe kidogo, kwa vile mimi sasa ni mtaalamu. Okko ni mwalimu mnyenyekevu, lakini ana udhaifu mmoja: rimu za kung'aa. Mara tu baridi ikiisha, hulivalisha gari lake rimu za alumini alizozipenda dukani. Hazikutengenezwa kwa ajili ya gari hilo. Tundu lao la katikati ni pana kuliko kitovu cha gurudumu, kwa hiyo kati yake huvishwa pete nyembamba ya kuziba nafasi, ili rimu ikae katikati barabara. Kwa chumvi na mvua za msimu huu, pete zote nne zilikuwa zimeshikana na vitovu kwa kutu. Enno alipobadilisha beringi, kitovu cha zamani kilitoka na pete yake mgongoni, na vyote viwili vikatupwa kwenye pipa la chuma chakavu.

Tangu hapo, rimu yoyote iliyofungwa pale ilikaa pembeni kwa unene wa ukucha. Kwenye kiplefti cha Okko hakuna anayejua. Kwenye kasi, inacheza. Ndiyo maana kuhamisha magurudumu hakukusaidia: pete zilibaki kwenye vitovu, na kila mgeni aliyepelekwa mbele kushoto aliugua palepale.

"Umepoteza pete nyingine tena, Enno," nikasema.

Okko alipaliwa na chai, ikabidi Hilke ampige mgongoni.

Enno alikimbilia pipa. Pipa lilikuwa tupu. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amepita asubuhi hiyohiyo. Akapiga simu ya vipuri: pete mpya, Jumamosi.

Nikakaa juu ya tairi kuukuu. Nilijiona nikimkabidhi Hilke kisu changu cha mikunga.

"Magurudumu yangu ya msimu wa baridi si yapo hapa stoo?" Okko akauliza kwa sauti ndogo. "Yale ya chuma. Yale mabaya."

Enno akampiga busu la utosi. Ya chuma yalikuja na gari kutoka kiwandani, yanakaa kwenye kitovu bila pete ya mtu. Akayashusha, meusi, yenye kutu pembezoni, akazivunja kwa patasi pete tatu zilizobaki, akatafuta bolti zake fupi kwenye kopo la kahawa, akayafunga yote manne.

Nikiwa nasubiri nje, Hilke alikuja kuosha vikombe bombani. Sikuweza kuvumilia.

"Kwa nini umesema? Ungenyamaza tu, gari la samaki lilikuwa lako."

"Ndiyo maana nimesema!" Akaangalia nyuma, akashusha sauti. "Enno ameshachora mfano. Jina langu ubavuni, na samaki aliyevaa kofia. Mimi nauza mawaridi, Theda. Ukifeli Alhamisi, nitanuka mikunga mpaka nizikwe. Faulu, mke mwenzangu. Nakuomba kwa magoti."

Ilikuwa mara ya kwanza kumpenda, na iliniudhi jioni nzima.

Tulilijaribu gari na Okko. Mia. Mia na kumi. Mia na ishirini. Usukani ukatulia kama maji kwenye beseni. Nilitoa machozi kidogo. Okko akanipa dubu nyekundu, ambayo huwa hampi mtu.

* * *

Alhamisi.

Mtahini ni Bwana Poppinga yuleyule wa mara mbili zilizopita, mrefu, mwenye sauti ya mtu anayetangaza saa ya mazishi. Alikaa nyuma, magoti masikioni. Okko pembeni yangu, mdomo umefungwa, maana siku ya mtihani mwalimu akisaidia hata kwa kukohoa, mwanafunzi anafeli.

Mjini nikapita vizuri. Nikaegesha kinyumenyume kati ya magari mawili kama mtu aliyezaliwa hapo. Palikuwa na trekta. Nikalifuata nyuma kama mjane anayefuata jeneza. Tukapanda barabara kuu. Mia na kumi. Kimya. Usukani umetulia.

"Vizuri, Bi Harms," Bwana Poppinga akasema. "Tutokee njia ya mji wa Leer, turudi kituoni."

Vizuri! Kutoka kinywa kile! Nilimwona Shangazi Fenna akinikabidhi ufunguo. Nilijisikia nikipiga honi vijijini.

Tulitoka kwenye handaki la chini ya mto, mwanga ukatupiga usoni, na hapo nikasikia kitu.

Tk.

Haukuwa ule mtetemo wa zamani. Huu ulikuwa mdundo mdogo, ndani ya kiganja cha kushoto, kama mtu anayebisha mlango bila kutaka kuwaamsha watoto.

Tk. Tk.

Nikamwangalia Okko kwa kona ya jicho. Anatafuna. Nikamwangalia Poppinga kwenye kioo. Anaandika. Mdundo ukanyamaza. Nikashukuru. Ukarudi.

Ni mikono yangu, nikajiambia. Wiki nzima nimekuwa nikisikiliza magurudumu, sasa hata moyo wangu ninausikia tairini. Endelea, Theda. Njia ya kutokea Leer iko mbele kidogo tu. Ukisimama hapa pembeni bila sababu, hiyo ni kufeli papo hapo, Poppinga hatahitaji hata kutia nukta. Kesho mtihani wako wa maandishi unakufa. Keshokutwa Enno anachukua rangi na brashi.

Na ikiwa kuna sababu, na hukusimama, gurudumu litatupita kwenye mteremko likielekea Leer peke yake.

Tk. Tk. Tk.

Nikawasha indiketa ya kulia, uliko ukingo. Nikawasha taa za hatari. Nikashuka kwenye ukingo wa dharura, polepole, nikasimama.

 Lori likapita, gari likayumba.

"Bi Harms," sauti ya mazishi ikatoka nyuma. "Hapa hakusimamwi."

"Najua."

"Kusimama hapa bila sababu ni mwisho wa mtihani."

"Hilo nalo najua."

"Na sababu ni?"

"Gurudumu la mbele kushoto. Linagonga."

"Mimi sikusikia chochote. Bwana Okko?"

Okko akanitazama. Akamtazama Poppinga. Ni mtu mwema na mkweli, na siku hiyo nilimchukia kwa yote mawili.

"Sikusikia," akasema.

Kalamu ya Poppinga ikafunguka, kliki.

"Lakini hata Jumanne sikusikia," Okko akaongeza, akafungua mkanda wake.

Tukavaa zile fulana za njano, tukatokea mlango wa kulia, tukasimama nyuma ya kizuizi cha chuma, mimi na mtahini wangu bega kwa bega kama wachumba wanaosubiri basi. Upepo ulitaka kutuvua nguo. Okko alipiga magoti mbele ya gari akachungulia upande wa kushoto, akaunyoosha mkono mrefu kadiri alivyoweza, akagusa bolti moja baada ya nyingine. Uso wake sikuuona. Bolti za gurudumu lililotoka kufungwa huweza kulegea kidogo gari likianza kwenda; iliyolegea spana huizungusha, iliyokaza hugoma. Kila fundi wa hapa anajua, na kila fundi wa hapa husahau kumwambia mtu.

"Bwana Okko!" Poppinga akapaza sauti juu ya kelele za malori. "Kuna kitu au hakuna?"

Okko akainuka. Alirudi nyuma ya gari, akafungua buti, akatoa spana ya magurudumu. Akasubiri malori yapite, akazunguka haraka, akaivisha spana kwenye bolti ya kwanza na kuilalia kwa kifua.

Poppinga akaishusha kalamu kwenye karatasi.

Nikafumba macho, nisikilize kama bolti itazunguka.